Dawa za mama na mtoto aliyezaliwa bila virusi



Kuna swali ambalo wamama wanatuletea kwa sauti ya chini kisha ibada: «Pasta, nilimeza dawa za ukimwi nikiwa na mimba. Mtoto hana virusi. Lakini zile dawa hazikumharibu?» Na wengine, kwa sababu ya woga huo, wanaacha dawa katikati ya mimba.

Bila dawa, watoto 15 mpaka 45 kati ya 100 wanapata virusi kwa mama: tumboni, wakati wa kuzaa ao kwa kunyonya. Mama akimeza dawa vizuri, hawafiki 5.

Je, dawa zina madhara? Tusidanganyane. AZT inaweza kupunguza damu ya mtoto kwa muda. Mwaka wa 2018, huko Botswana, watafiti waliogopa kwamba dolutegravir, ambayo imo ndani ya kidonge cha siku hizi, inaleta kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Wakaendelea kuhesabu watoto maelfu na maelfu, na ile tofauti ikaisha. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hiyo hata kwa wamama wenye mimba.

Hata hivyo mtoto huyu anahitaji jicho la karibu. Watoto kama yeye wanazaliwa mara nyingi mbele ya wakati ao na kilo kidogo, na miaka ya kwanza wanashikwa na magonjwa ya mapafu kuliko wengine. Sababu si dawa peke yake: ugonjwa wa mama, umaskini, na kumwachisha maziwa mapema vinachangia sana. Mama anayemeza dawa anyonyeshe. Miezi 6 ya kwanza maziwa yake tu.

Apimwe akiwa na wiki 6, na tena kisha kuacha kunyonya. Lakini kipimo cha haraka, mbele ya miezi 18, kinaweza kuonyesha askari wa damu ya mama waliobaki ndani ya mtoto, hata kama virusi hakuna. Usilie mbele munganga hajathibitisha.

Na mhubiri anayesema «tumeomba, tupa vidonge»? Isaya alimletea Hezekia neno la uponyaji, na bado akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7).

Mtoto akipata homa ao akipumua haraka, mpeleke siku ile ile, na mwambie munganga kwamba unameza dawa. Siri hiyo ni kazi yake kuitunza.