Kambale wa Butembo, Bwambale wa Kasese

Ndege ndogo zinazotua uwanja wa Rughenda, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, hushusha wafanyabiashara na mizigo yao, na mara moja moja kijana aliyezaliwa ng'ambo anayekuja kutafuta asili yake. Mkononi ana jina moja tu: Kambale. Lilikuwa la babu yake, na huko Marekani au Kanada limegeuka jina la nyumba nzima, hata dada zake wanaitwa Kambale. Anadhani akilitaja ataonyeshwa mlango. Badala yake anaulizwa: Kambale yupi? Ukiliita jina hilo sokoni, nusu ya wanaume watageuka.

Kwa desturi ya Wanande, watu wa Butembo, mtoto harithi jina la baba. Jina lake hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza huitwa Paluku, Mumbere au Nzanzu. Wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana yao, akina Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu na Katungu. Ndugu sita wa tumbo moja wana majina sita, na afisa wa uhamiaji asiyejua desturi hii huwaona watu baki.

Hata hivyo jina la zamu si bure. Aitwaye Kambale alitanguliwa na kaka, na mara nyingi kaka mkubwa ndiye aliyeachiwa uangalizi wa shamba la baba wakati wadogo wakihangaika na maisha mbali. Kwa hiyo usimtafute Kambale aliyeondoka. Tafuta wajukuu wa Paluku aliyebaki.

Ukivuka mpaka Kasindi ukaingia Mpondwe, Uganda, majina ni yaleyale ila yamebadili sura. Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo, Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho. Wakonzo wa Kasese na Bundibugyo, na Wanande wa Beni na Lubero, wote hujiita Bayira na husikilizana lugha bila mkalimani. Simulizi za koo nyingi zinasema wazee walitoka upande wa Kitara, katika Uganda ya leo, wakavuka bonde la Semliki na kupanda milimani. Mwaka 1910 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana mpaka upite juu ya Ruwenzori, na jamaa moja ikawa raia wa serikali mbili.

Lakini watu hawakukaa pale walipochorwa. Wapo waliovuka kukimbia kodi na kazi za shuruti za Wabelgiji. Wapo waliohamishwa kutoka bonde la Semliki kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaishia ndani ya Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925 na leo huitwa Virunga. Miaka ya 1950 machimbo ya shaba ya Kilembe yaliita vibarua, na reli ikafika Kasese 1956. Baadaye wafanyabiashara wa Butembo wakafungua njia za Kampala, Nairobi, Dubai na Guangzhou. Na tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamewasukuma maelfu kwenye kambi za wakimbizi za Uganda, ambako baadhi wamepata safari ya kuhamia Ulaya na Amerika.

Basi anayetafuta aanzie wapi? Aanzie kwenye ndoa. Kwa desturi, watu wa ukoo mmoja hawaoani, kwa hiyo kabla mbuzi wa mahari hawajatajwa, wazee huchimba: ukoo gani, kilima gani, mama alizaliwa kwa nani, bibi je? Wanaoketi kwenye vikao hivyo ndio wanaokumbuka nasaba za watu, pamoja na mbuzi gani alilipwa na yupi bado anadaiwa. Deni la mahari halisahauliki upesi. Mzee asiyekumbuka mwaka aliozaliwa babu yako anaweza kukumbuka mbuzi ambaye mjomba wake hakumpata. Miaka yenyewe naye huihesabu kwa matukio: kabla ya Uhuru wa Kongo wa 1960, au wakati wa uasi wa Mulele, yaani 1964.

Hatua ya pili ni parokia. Mapadre Waassumption walifika eneo hili 1929, na Wakatoliki huandika ubatizo katika daftari: jina, wazazi, msimamizi, mahali. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Kanisa inataka ndoa ya mbatizwa ipelekewe taarifa parokia alikobatizwa na iandikwe pembeni ya jina lake. Babu aliyebatizwa Kongo akaoa kanisani Uganda anaweza kuwa ameacha mstari huo mmoja pembeni, wenye jina la parokia ya ugenini. Mstari huo unavuka mpaka kwa urahisi kuliko karatasi yoyote ya serikali. Upande wa Waprotestanti, kaulize kwenye makanisa ya zamani kama Katwa.

Ila ujihadhari na mwaka 1972. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo kwa jina la otantisite, yaani siasa yake ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika, Petero wa daftarini alitoweka kwenye kitambulisho, akabaki Kasereka na jina la nyongeza. Mtu ni yuleyule, lakini karatasi hizo mbili zinaweza zisifanane hata kwa neno moja.

Na ujihadhari zaidi na nasaba iliyonyooka mno. Mwanahistoria Randall Packard, aliyewachunguza Bashu, Wanande wa milima ya Mitumba, na kutoa kitabu chake 1981, alionyesha jinsi historia ya koo ilivyofungamana na ushindani wa uchifu. Anayetaka kiti au shamba hupenda babu aliyefika kwanza. Upande wa Uganda, mwaka 1954, mwalimu Isaya Mukirania na wenzake waliunda chama cha kukusanya historia ya maisha ya Wakonzo. Walizunguka milimani wakisikiliza wazee. Miaka minane baadaye, 1962, Mukirania aliongoza kutangazwa kwa Rwenzururu kama nchi iliyojitenga na ufalme wa Toro, na serikali ya Uganda ikautambua ufalme wa Rwenzururu 2009 tu, chini ya mwanawe Charles Wesley Mumbere. Kuuliza babu zetu ni akina nani hakukuwa mchezo wa jioni. Kwa hiyo simulizi ya ukoo isikilizwe kwa wazee wa matawi mawili yanayogombana, si tawi moja.

Kazi hii haingoji. Mzee aliyejua mipaka ya kilima chake leo amepanga chumba Butembo au yuko kambini Uganda, na majirani waliomsahihisha alipokosea hawapo karibu naye. Simu ya mkononi inatosha kumrekodi. Na anayeandikisha mtoto Nairobi, Brussels au Toronto aweke mahali fulani, hata kwenye daftari la nyumbani, vitu vitatu: ukoo, kilima, na jina la bibi mzaa mama. Asipoviandika, jina Kambale litamwambia mjukuu neno moja tu la hakika: babu yako alikuwa na kaka.