Mama Chatu na Njaa ya Miezi Sita

Sogeeni, wajukuu zangu, tuchungulie shimo. Lilichimbwa na muhanga, mla mchwa, kisha akalihama. Leo mwenye nyumba ni chatu, naye ana mimba ya mayai.

Tupo Dinokeng, kaskazini ya Pretoria, Afrika Kusini. Hapa Profesa Graham Alexander aliwafuatilia chatu kwa miaka 7. Aliwawekea mwilini vyombo vidogo vya redio, na mashimoni akatega kamera. Bila subira ile, haya tusingeyajua.

Mtazameni mama. Amejilaza mdomoni mwa shimo, jua linampiga ubavuni. Mabaka yake ya kahawia hayaonekani vizuri tena. Ngozi nzima imekolea weusi, maana weusi hunyonya joto haraka. Mwili wake hufika karibu nyuzi 40. Wewe ukiwa na joto hilo, uko hoi kitandani kwa homa! Swala akipita, mama hana habari naye.

Mbona hali? Mama zetu wakiwa wajawazito huhimizwa wale vizuri. Lakini chatu humeza windo zima, nalo hukaa tumboni siku nyingi. Mayai yakishajaa humo, swala atakaa wapi? Tena kuwinda ni kuvizia vichakani, kimya, saa nyingi, na huku mayai yanataka joto la jua. Basi mama alikula mapema. Mawindo aliyomeza kabla ya mimba yamegeuka mafuta mwilini, na mafuta hayo ndiyo yanayotengeneza mayai na kumlisha yeye mwenyewe.

Akishataga, huyazungushia mayai mwili wake. Hutoka kuota jua, akarudi na joto lake. Na vitoto vikianguliwa haviachi: kwa wiki kama 2, usiku hulala ndani ya mapindo yake. Mimi hapo ndipo huguswa zaidi, kwa sababu nyoka tumezoea kumwogopa tu.

Tangu mimba mpaka hapo, zaidi ya miezi 6 imepita bila hata panya mmoja. Uzito umepungua kwa kama asilimia 40. Wengine hawanusuriki. Anayenusurika huweza kukaa miaka 2 au 3 kabla ya kutaga tena.

Siku vitoto vinapotawanyika, mama hutoka akijikokota, ngozi imelegea mbavuni. Huingia kwenye nyasi ndefu, akajikunja, akatulia. Sasa anamngoja swala.