Dua kwa mgonjwa wa moyo, na wajibu unaofuata baada ya "Amin"

MARADHI ya moyo yana hila moja: hayaonekani. Mwenye mguu uliovunjika humtambua kila apitaye, akampisha njia. Mwenye moyo mgonjwa huketi barazani ameoga, amevaa vizuri, akapokea salamu kama wazima wengine. Kumbe akisimama na kupiga hatua kumi pumzi zinamwishia. Kwa sababu hiyo jamaa wengi huchelewa kujua, na wakijua hushituka, wasijue la kufanya isipokuwa kusema: "Tutamwombea."

Neno hilo ni kubwa. Katika makala haya tunataka kulitazama kwa jinsi lilivyotufikia sisi wenyewe, ndugu wa mama mmoja wa watoto wanne, mkazi wa Tanga.

Dada yetu alianza kwa kuchoka. Kisha hakuweza tena kulala chali, ikawa anaegemea mito mitatu usiku kucha, na jioni miguu yake huvimba. Alipofanyiwa kipimo cha moyo, ilionekana kwamba mmoja wa milango minne ya moyo, ule wa upande wa kushoto, umekakamaa na kusinyaa, na damu haipiti kama ipasavyo. Chanzo chake, tulielezwa, ni cha utotoni: maumivu ya koo yaletwayo na bakteria, yasipotibiwa, huweza kuzaa homa ya rumatiki, ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, viungo na milango ya moyo. Madhara yake huweza kukaa kimya miaka mingi, yakajitokeza mtu akiwa mzazi. Ilibidi afanyiwe upasuaji Dar es Salaam.

Dua ya nyuma ya mgongo

Ijumaa iliyofuata, kwa idhini ya mumewe, imamu alitangaza kuwa kuna mama wa mtaa wetu anayehitaji dua. Hakutaja maradhi, wala hakuieleza hali yake kwa urefu, kwani mgonjwa ana sitara yake. Maamuma waliinua mikono. Akina mama wa darsa nao wakawa wanamtaja kila baada ya Swala ya Alfajiri.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Dardaa (r.a) kwamba Muislamu anapomwombea nduguye asiyekuwepo, malaika huitikia na kumwombea naye mfano wa hilo. Tulilisoma hilo tangu madrasa, lakini tulilihisi uzito wake pale dada yetu alipotuambia kuwa usiku ulikuwa ukimtisha, na kwamba tangu ajue kuna watu wanaolitaja jina lake alfajiri, amekuwa akiisubiri alfajiri kwa utulivu.

Kombe au vidonge?

Mtihani ulikuja kutoka ndani ya nyumba. Mjomba wetu, mtu mcha Mungu na mwenye mapenzi makubwa na mgonjwa, alishauri aache vidonge, atosheke na kombe, kisomo na mizizi. Alisema kuwa kukubali kupasuliwa kifua ni upungufu wa tawakkul. Maneno hayo yalimtia dada yetu wasiwasi, akakaa siku mbili bila kumeza dawa, na pumzi zikazidi kumbana.

Imamu alipofika hakumkemea mzee. Alimsimulia habari za Saad bin Abi Waqqas (r.a). Saad aliugua sana Makka, mwaka wa Hija ya Kuaga, na Mtume (s.a.w) akaenda kumtazama, akamwekea mkono, akamwomba Mwenyezi Mungu amponye. Hayo yamo katika Sahih Bukhari. Na katika Sunan Abi Dawud imo riwaya nyingine ya Saad, ingawa baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha sanadi yake, kwamba Mtume alimwekea mkono kifuani, akamweleza kuwa moyo wake una maradhi, kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, mtu aliyekuwa akifanya utabibu.

"Mzee wangu," alisema imamu, "mkono ulioombea ndio ulioelekeza kwa tabibu. Sisi ni nani hata tuvitenganishe?" Akaongeza kuwa amri ya kujitibu imethibiti pia katika hadithi ya Usama bin Sharik (r.a). Mjomba alinyamaza kwa muda, kisha akaomba yeye mwenyewe ndiye amletee mgonjwa maji ya kumezea vidonge vyake.

Baada ya "Amin"

Shemeji yetu ni fundi wa kushona. Siku asiyoshona, nyumba haina mkate. Alikuwa amekwisha kuelekezwa kwa mkopeshaji wa riba, na alikuwa akifikiria pia kuuza kiwanja pekee cha watoto. Jamaa wa msikiti walipopata habari hiyo walianzisha changizo. Fedha zilishikwa na watu wawili, kila shilingi ikaandikwa katika daftari, na shemeji akaonyeshwa hesabu bila ya kutangazwa majina ya watoaji. Riba ikaepukwa, na kiwanja kikabaki.

Wasiokuwa na fedha walitoa walichonacho. Vijana walikwenda kutoa damu. Majirani walipeana zamu za kupika, na mwalimu wa madrasa akawachukua watoto na kuwarudisha. Wageni nao walipangwa: wawili wawili, dakika chache, kisha wamwache apumzike. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na haki haigeuzwi kuwa mzigo. Moyo uliochoka hauwezi kuchangamkia wageni tangu asubuhi hadi usiku.

Kabla ya safari dada yetu aliomba karatasi. Aliandika madeni yake, amana za watu, siku za Ramadhani anazodaiwa, na wasia. Baadhi ya ndugu walilia wakiona ni nuksi. Lakini Saad, akiwa katika kitanda chake cha ugonjwa, ndiye aliyemuuliza Mtume (s.a.w) juu ya wasia, akaruhusiwa theluthi na kuambiwa kuwa hiyo theluthi nayo ni nyingi. Saad huyo akapona, akaishi miaka mingi, akaliongoza jeshi la Waislamu Qadisiyya. Wasia haumsogezi mtu kaburini. Unamwondolea deni kichwani.

Aliyerudi na asiyerudi

Dada yetu alifanyiwa upasuaji, akawekewa mlango wa bandia, na alhamdulillah akarudi nyumbani. Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akibadilishana naye tasbihi, hakurudi kwao. Naye alikuwa akiombewa, na huenda na watu wengi kuliko sisi. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaoichukulia dua kuwa ni bei ya kununulia uzima, na mgonjwa akifa huwatazama wafiwa kwa jicho la kuwauliza imani yao ilikuwa wapi. Dua ni ibada. Majibu yake yako kwa Mwenye kujua, na hakuna dua iendayo bure.

Aliyerudi naye hakurudi kama alivyokuwa. Mwenye mlango wa bandia wa chuma hutumia dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Mitishamba anayoletewa kwa nia njema huweza kuivuruga dawa hiyo, ama akatokwa na damu ama ikamganda. Kwa hiyo asipewe kitu bila ya daktari kujua. Akitaka kushika mimba, aanze kwa daktari. Ramadhani ikifika, asilazimishwe kufunga kwa kuona aibu. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa, na hukumu ya kulipa au kutoa fidia aiulize kwa wanazuoni.

Ndugu wasomaji, wageni huwa wengi wiki ya kwanza. Mwezi wa sita, dawa bado zinanunuliwa na kliniki bado ipo, lakini mlango haubishwi. Huo ndio wakati wa kwenda. Na mtoto wako akilalamika koo pamoja na homa, mpeleke akatazamwe na amalize dawa aliyoandikiwa. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki asikose sindano zake za penisilini, ambazo kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua vyote vikeshe.

Wabillahi tawfiq.