Mkutano wa wanasaikolojia huamua nini?

KWA kawaida kila Agosti, maelfu ya wanasaikolojia, wakiwamo wanaotibu wagonjwa, hukusanyika kwenye mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA), kilichoanzishwa mwaka 1892.

Wengi huenda kusikiliza tafiti mpya na kupata mafunzo ya kuendeleza taaluma yao. Hata hivyo, mkutano huo pia ni mahali ambapo taaluma hujiwekea mipaka.

Mwaka 2015, mkutano ulipofanyika Toronto, Kanada, suala lililokuwa mezani lilikuwa zito. Uchunguzi huru ulikuwa umebaini kuwa baadhi ya maofisa wa chama walishirikiana na Wizara ya Ulinzi kulegeza miongozo ya maadili kuhusu kuhojiwa kwa wafungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001.

Kwa kura 157 dhidi ya moja, baraza la chama liliwapiga marufuku wanasaikolojia kushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa.

Mgonjwa hayumo ukumbini, lakini uamuzi wa aina hiyo humgusa. Humwambia kwamba elimu anayotibiwa nayo haipaswi kugeuzwa silaha ya kumuumiza binadamu mwingine.