Panchanga

Panchanga (kwa Kisanskrit: "viungo vitano") ni kalenda ya jadi ya Wahindu, inayofuata mwezi na jua kwa pamoja. Nchini Tanzania hutumiwa na Wahindu, wengi wao wenye asili ya Gujarat, kupanga sikukuu, mifungo na ndoa.

Viungo vitano

• Tithi: siku ya mwezi mwandamo. Kila mwezi una tithi 30, yaani 15 za mwezi kukua na 15 za kupungua.
• Vara: siku ya juma.
• Nakshatra: mojawapo ya sehemu 27 za anga ambamo mwezi hupita.
• Yoga: hupatikana kwa kujumlisha mahali pa jua na pa mwezi angani, ziko 27.
• Karana: nusu ya tithi.

Mwaka

Miezi 12 ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu haifidii pengo hilo, hivyo Ramadhani huhama. Panchanga huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miezi 32 au 33 hivi. Kwa hiyo Diwali hubaki Oktoba au Novemba.

Tarehe na mahali

Tithi huanza wakati mmoja duniani kote, lakini kwa kawaida siku huhesabiwa kwa tithi iliyopo jua linapochomoza. Dodoma jua huchomoza baada ya Ahmedabad, Gujarat, kwa wastani wa saa mbili na nusu hivi. Tithi ya 11, ambayo ni siku ya mfungo wa Ekadashi, ikiisha katika muda huo, siku hiyo huwa ya 11 Ahmedabad lakini ya 12 Dodoma. Ndiyo sababu panchanga iliyochapishwa India hailingani daima na mahesabu ya Tanzania.