Majina ya Watu Katika Riwaya Zisomwazo Shuleni

Miongoni mwa maswali ya mtihani wa fasihi ya Kiswahili liko moja lisilochoka kurudi, nalo ni lile limtakalo mwanafunzi aeleze tabia za watu watajwao katika riwaya. Jibu lake nalo halichoki. Mwanafunzi huandika kuwa Adili ni mtu mwadilifu, Hasidi ni mtu mwenye husuda, na Majivuno ni mtu mwenye kujivuna. Hapana uwongo katika maneno hayo, lakini hapana elimu pia. Mwandikaji hakueleza tabia ya mtu. Amefasiri jina lake tu, na kazi hiyo angaliweza kuifanya bila ya kukifungua kitabu. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kazi ya jina katika riwaya, na hatari ya msomaji aishiaye kwenye jina.

Yatupasa kuanza na Shaaban Robert (1909–1962), kwa kuwa ndiye aliyeizoeza Kiswahili desturi hii. Kitabu chake cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kina asili katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake wawili. Tukiviweka visa viwili hivi sambamba, twaona mara moja mkono wa mwandishi wetu. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wale wabaya waitwa Nasir na Mansur, majina yenye maana ya mwenye kunusuru na mwenye kunusuriwa. Ni majina mema ya kila siku, ambayo mzazi yeyote angalimpa mwanawe, wala hayamwonyi msomaji juu ya uovu ujao. Shaaban Robert aliyaondoa, akawaita Hasidi na Mwivu. Na Abdullah akamwita Adili. Mji wa Basra umekuwa Janibu, na Khalifa Harun al-Rashid amekuwa mfalme Rai. Hata mbwa wawili wa kisa cha kale wamegeuka kuwa nyani.

Kwa nini alifanya hivyo? Msimulizi wa kale alitaka msikilizaji ashangazwe na khiana ya ndugu. Shaaban Robert hakutaka mshangao. Alitaka msomaji ajue tangu mwanzo yupi ana ila gani, ili akili yake iwe huru kupima jambo jingine, yaani matokeo ya ila hiyo na dawa yake. Jina kwake ni kama kibao kilichopandwa njia panda. Kibao chaonyesha njia iendako, lakini hakimfikishi mtu mjini.

Na safari yenyewe ina matatizo ambayo jina haliyatatui. Adili, mtu wa haki, kila usiku ashika mjeledi na kuwapiga nyani wawili ambao ni ndugu zake wa damu. Afanya hivyo kwa amri ya jini Huria, wala si kwa kupenda. Je, mtu aweza kubaki mwadilifu na mkono wake unapiga? Tena ndugu hao baadaye wasamehewa na kurudishiwa umbo la utu. Je, Hasidi aliyesamehewa angali Hasidi? Maswali hayo ndiyo moyo wa kitabu, na mwanafunzi aliyekwisha kuandika kuwa Adili ni mwadilifu amekwisha kuyapita bila ya kuyaona.

Hali ni hiyo hiyo katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Karama, ambaye jina lake lachukua maana ya heshima na kipawa, ashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka mafunzo ya sheria katika nchi ile iliyo angani. Majina yatuambia nani mwema na nani mbaya kabla ya kesi kuanza. Lakini ubora wa Karama hautoki katika jina. Watoka katika namna aliyoitumia siku yake ya hatari. Mtu aliyekabiliwa na adhabu angalitumia nafasi yake kujiombea mwenyewe. Yeye alisimama akasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Utetezi wake ukageuka kuwa utetezi wa waliosahauliwa gerezani. Mwanafunzi akilisema hilo, amesema tabia ya mtu.

Sasa na tumtazame mwandishi wa kizazi cha pili, Euphrase Kezilahabi (1944–2020), katika riwaya yake ya Rosa Mistika iliyotoka mwaka 1971. Yeye naye achagua majina kwa makini, ila ayatumia kinyume. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, na maana yake ni waridi lenye fumbo. Mama yake aitwa Regina, yaani Malkia. Lakini katika nyumba ile ya Namagondo, kisiwani Ukerewe, malkia huyo hana enzi, kwa kuwa mumewe Zakaria ni mlevi. Wazee wetu husema kuwa jina jema hung'ara gizani. Katika riwaya hii jina jema lang'ara kweli, lakini nuru yake yatuonyesha giza lilivyo kubwa.

Katika kitabu hiki jina limekuwa kipimo cha umbali baina ya matumaini ya wazazi na malezi waliyoyatoa. Zakaria amtaka binti yake awe waridi, lakini amlea kwa fimbo. Amwadhibu kwa sababu ya barua ya kijana Charles, wala hamfundishi namna ya kuishi na wanaume. Rosa afikapo katika shule ya bweni apata uhuru asioandaliwa, na mwisho wake ni kujitoa uhai. Riwaya hii kwa muda ilikatazwa shuleni, kisha ikaruhusiwa ikafundishwa.

Hapa ndipo hatari niliyoitaja inapokuwa kubwa. Mwanafunzi aliyezoea kufasiri majina ajikuta hana la kufasiri, basi humtungia Rosa jina jipya: huandika kuwa Rosa ni mhuni, akaweka nukta. Afanyapo hivyo hatofautiani na mtu ampimaye binti wa jirani kwa neno moja la barazani. Ameliacha swali ambalo mwandishi alimwekea, nalo ni nani waliomfikisha Rosa pale, na kila mmoja ana sehemu gani ya lawama. Darasani kosa hili lapoteza alama chache. Nje ya darasa laweza kumpoteza mtu.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu kuwazoeza wanafunzi maswali matatu juu ya kila mtu wa riwaya. La kwanza, jina lake lina maana gani, na limeahidi nini? La pili, ni tendo gani linaloithibitisha ahadi hiyo au kuikanusha? La tatu, tendo hilo lina sababu gani, na sababu hiyo i mikononi mwa nani? Swali la kwanza hujibiwa kwa kamusi. La pili halijibiwi ila kwa kusoma kitabu. La tatu hudai kitabu kisomwe na kufikiriwa, nalo ndilo litoalo dhamira bila ya kuikariri.

Mwanafunzi mwenye desturi hiyo ataweza kuvisoma Kusadikika na Rosa Mistika kwa jicho moja, ingawa katika kimoja majina yasema kweli na katika kingine yalia. Na huenda atakapokutana na mtu aliyekwisha kupewa jina na watu, atauliza kwanza matendo na sababu, kabla ya kulikubali.