Kununua Spea Halisi za Springi na Shokapu za Pikapu ya Zamani

Huenda unajiuliza leo bwana shamba kapatwa na nini hata aache mbolea na dumuzi, azungumzie vyuma vya gari. Sababu ni hii. Nyanya ulizozipalilia na kuzipiga dawa kwa miezi mitatu zinaweza kugeuka uji kwa safari moja ya saa mbili, ikiwa gari linalozibeba linarukaruka. Na pikapu ikikatika boljointi kwenye mteremko, mathalani ule wa kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, hapo hatuzungumzii nyanya tena. Tunazungumzia watu walioketi mbele, na wale wenye tabia ya kupanda juu ya mzigo, tabia ambayo ningependa iishe.

Pikapu nyingi zinazobeba mazao yetu ni za zamani. Tuchukue mfano wa Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990. Nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopinda na kulaliana, vikafungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Lakini mbele hazifanani. Ile ya LN106, inayovuta kwa magurudumu manne, ina springi za vyuma bapa mbele pia. Ile ya LN85, inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, mbele ina mikono ya juu na ya chini, boljointi, na fito za chuma zinazojisokota mahali pa springi. Kwa hiyo majirani wawili wote wanaweza kusema wana Hilux ya zamani, na kila mmoja akahitaji spea tofauti kabisa. Ukimwambia muuzaji "nipe shokapu ya Hilux," umemwachia yeye akuchagulie, naye atachagua iliyomkalia dukani siku nyingi.

Kabla ya kutoa fedha, jua kwanza kilichoharibika. Wengi hubadili shokapu kumbe springi ndiyo imelala. Springi ndiyo inayobeba mzigo. Shokapu haibebi mzigo hata kidogo. Kazi yake ni kutuliza mrusho. Gari tupu likiegemea upande mmoja, au likichuchumaa nyuma wakati halina kitu, tazama springi: huenda bapa moja limepasuka, na mara nyingi ufa hujificha karibu na bolti ya katikati au chini ya yubolti. Shokapu ipime hivi: kandamiza pembe ya gari kwa nguvu, kisha achia ghafla. Ikipanda na kutulia, ni nzima. Ikiendelea kucheza juu na chini, au ukiiona imelowa oili, imekwisha. Mlio wa "go go" kila ukipita shimo, mara nyingi ni bushi zilizolika.

Boljointi ndiyo ninayotaka uiogope. Inua gurudumu kwa jeki, uweke na kigogo imara chini ya chesisi, maana jeki huteleza. Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza, mwenzako achungulie kwa tochi aone mchezo unatokea wapi. Unaweza kutoka kwenye beringi ya gurudumu, na hiyo ni habari nyingine. Ukitoka kwenye boljointi, gari lisibebe mzigo mpaka ibadilishwe. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari na usukani haukusaidii tena.

Haya, sasa tuingie dukani. Usiende mikono mitupu. Fungua boneti, tafuta kibao cha chuma chenye aina ya gari, unakili maandishi yote kwenye daftari. Nakili pia namba ya chesisi, ambayo kwenye Hilux hizo imegongwa kwenye chesisi yenyewe, upande wa gurudumu la mbele la kulia. Muuzaji anayeijua kazi yake ataitumia namba hiyo kutafuta namba ya spea kwenye orodha ya kiwanda. Spea za Toyota zina namba ya tarakimu kumi, tano halafu kistari halafu tano. Tano za mwanzo zinaeleza kifaa ni cha aina gani: 48511 ni shokapu ya mbele, 48531 ni shokapu ya nyuma, 48210 ni springi ya nyuma, 43330 ni boljointi ya chini. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha gari na gari. Ukiandikiwa namba hiyo daftarini, unaweza kuingia maduka matatu ya Gerezani, Dar es Salaam, ukauliza kitu kile kile, na hakuna wa kukubabaisha.

Halafu ujue kuna spea za namna tatu, nne ukihesabu za mtumba. Ya kwanza ni ile iliyo katika boksi la kiwanda kilichotengeneza gari. Ya pili ni ya kiwanda kinachotengeneza spea na kuziuza kwa jina lake chenyewe, kama KYB wa Japani kwa shokapu, au 555 wa huko huko Japani kwa boljointi na tairodi. Hii ya pili ni halali kabisa. Kwa gari la zamani mara nyingine ndiyo pekee utakayoipata, kwa sababu kiwanda cha magari huacha kutoa baadhi ya spea miaka inavyopita. Ya tatu ni bandia: kitu cha kubuni kilichovikwa jina la mwingine. Majina yanayosifika ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo jina kwenye boksi peke yake halikupi uhakika wowote.

Itambueje? Fungua boksi. Muuzaji akikataa lisifunguliwe, mwachie na boksi lake. Tazama maandishi: herufi zilizofifia, jina lililokosewa, karatasi ya namba iliyobandikwa juu ya nyingine. Lakini msiishie kwenye boksi, ndugu zangu, kwa maana maboksi halisi matupu huokotwa na kujazwa takataka. Linganisha namba ya boksi na alama zilizogongwa au kuandikwa kwenye chuma chenyewe. Kama umeifungua ile kuukuu, njoo nayo. Pima urefu, kipenyo cha tundu na unene wa bolti, kisha zishike zote mbili mkononi. Iliyo nyepesi sana kuliko mwenzake wa kiwandani ina kasoro, labda chuma chembamba.

Shokapu mpya isimamishe wima, uibonyeze mpaka mwisho na kuivuta mara kadhaa. Usiihukumu kwa mara ya kwanza, kwani ikikaa imelazwa huweza kuingiza hewa mahali pa oili, na hewa hiyo hutoka ukiipampu. Baada ya hapo lazima ikaze sawasawa safari nzima, kwenda na kurudi. Ukisikia mahali inaponyoka bila kizuizi, irudishe. Za gesi hurefuka zenyewe polepole ukiziachia. Za oili tupu hazirefuki, na hilo si kosa. Fimbo yake iwe laini inayong'aa, isiwe na mikwaruzo. Boljointi mpya ni ngumu kuizungusha kwa vidole, nayo huzunguka kwa ulaini bila kukwama na bila kulegea. Ikining'inia yenyewe kama kengele, hiyo usiifunge kwenye gari la baba wa watoto.

Springi zina hadithi yake. Hesabu mabapa, pima unene wake na urefu kutoka bolti ya katikati hadi kila tundu, maana pande mbili si lazima zilingane. Nunua mbili, kushoto na kulia. Mpya na kuukuu zikikaa pamoja gari litaegemea. Fundi akikushauri kuongeza bapa ili "ibebe zaidi," fikiri mara mbili: ikiwa tupu itagonga, chesisi itapata mishtuko, na nyanya zako zitaumia kuliko mwanzo. Bapa lililopasuka lisichomelewe kamwe, kwani moto huua ugumu wa chuma cha springi, nalo litakatika pembeni mwa weldingi. Ile ya kugongwa nyundo kurudishiwa upinde, bila kupashwa moto na kupozwa kitaalamu, italala tena.

Pia tuambizane ukweli kuhusu lumbesa. Pikapu ya aina hii hubeba kama tani moja. Ukipanga magunia 10 ya viazi ya lumbesa yenye kilo 130 kila moja, umeshafika kilo 1,300 kabla dereva hajakaa. Kanuni za vipimo zinakataza lumbesa kwa sababu inakupunja bei, na springi zako nazo zina neno la kusema. Hata spea halisi haitadumu chini ya mzigo huo.

Nenda dukani wewe mwenyewe pamoja na fundi, usimpe fedha akaenda peke yake. Simsemi fundi wako kwa ubaya, lakini wapo wauzaji wanaowapa mafundi chochote ili wachukue ile ya bei nafuu na kukuandikia bei ya ile halisi. Dai risiti ya mashine ya EFD, na mwombe muuzaji akuandikie jina la kiwanda na namba ya spea kwenye karatasi yenye mhuri wa duka. Ukigundua umeuziwa bandia, karatasi hizo ndizo ushahidi wako. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Isiyofikia kiwango, kaieleze kwa Shirika la Viwango, TBS.

Wakati wa kufunga, simama hapo hapo. Yubolti ziwe mpya, kwa kuwa zikishakazwa mara moja huvutika. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yote. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, raba hubaki imejisokota na kuchanika upesi, nawe utalaumu duka bure. Baada ya kilomita mia chache rudi ukaze yubolti tena.

Spea kuukuu ondoka nayo, na boksi tupu lichane vipande kabla ya kulitupa, lisije likarudi sokoni na kitu kingine ndani yake.